Mikelenge: Kompyuta ikianza kufa, hesabu ianzie kwenye umeme

Kwenye sekretaria za komini ya Mikelenge, fasi wanafunzi wanapeleka kazi zao za mwisho kupigwa na wazazi wanatafuta fotokopi, kompyuta ya mezani ndiyo jembe la mwenye kazi. Ikianza kuzima yenyewe katikati ya ukurasa, wateja wanahamia kwa jirani. Wengi wanawaza palepale kununua ingine. Mara nyingi ni hapo feza inapotea.

Kwanza, kuleta mashini Kindu kumekuwa kugumu zaidi. Vitu vingi vilikuwa vinakuja kwa ndege kutoka Goma, lakini waasi wa M23 walipoingia mji ule mwisho wa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Kunabaki ndege za Kinshasa, boti za Lualaba kutoka Ubundu, safari ya karibu kilomita 300, na reli ya SNCC inayopita Kabalo ikitoka Lubumbashi ao Kalemie, wakati treni iko inatembea. Kila njia inaongeza kitu juu ya bei, na skrini ni mzigo wa kuvunjika. Na tukumbuke: kasiteriti ya Kalima, huku huku Maniema, ndiyo inatoa bati, na karibu nusu ya bati ya dunia inaenda kuchomelea vipande vya vyombo kama hivi. Inatoka kwetu ndani ya mifuko, inarudi mashini ya okazioni.

Kwa hiyo fundi aangalie mbele ya kununua. Mashini inayozima ikipata moto inaweza kuwa imejaa tu vumbi. Ile inayosahau tarehe kila asubuhi inaomba betri ndogo ya duara, CR2032. Isiyowaka kabisa, kisanduku kinachoingiza umeme ndicho cha kwanza kushukiwa, juu umeme unaopanda na kushuka unakiua mbele ya vingine. Na kompyuta nzito, yenye diski inayopiga kelele, inaweza kupona ikiwekewa diski ya SSD. Lakini kelele ile ikisikika, kazi za wateja zikopiwe siku hiyohiyo, si kesho.

Ikiwa kweli imekufa, swali si bei ya mashini peke yake. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini inaweza kula wati 120. Laptop, karibu 40. Kwa saa nane, ya kwanza inamaliza karibu wati-saa 960, ya pili 320. Paneli moja ya wati 100, jua likiwa zuri, inatoa kama 400 kwa siku. Inatosha laptop, haitoshi ile ya mezani. Anayetumia jenereta atalipa tofauti hiyo kwa mafuta, siku kwa siku, hata kama mashini ya mezani alipewa bure. Tena umeme ukikatika, laptop yenye betri nzima haipotezi ukurasa. Ubaya wake: ni rahisi kuibiwa, na kibodi yake ikiharibika kutengeneza ni kazi. Kibodi ya zamani iliyobaki inaweza kuchomekwa hapo.

Kuna mtego mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashini hizo bado zinawaka, lakini kwenye sekretaria zinapoingia flashi za watu wote, virusi haviko mbali. Windows 11 kwa kawaida inaomba prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji anaweza kuiingiza kwa nguvu kwenye mashini ya zamani, basi jina la prosesa lisomwe, si rangi ya skrini. Linux Mint ni ya bure na inatembea vizuri kwenye mashini za zamani. Ila kazi ya mwanafunzi iliyopangwa kwa Word inaweza kuhama mistari ikifunguliwa kule, na mwalimu wake hatasikia maelezo hayo.

Mbele ya kutoa feza, mashini iwashwe saa nzima mbele ya muuzaji, bila chaja kama ni laptop.