Kuficha Si Kulinda

Kabla ya kurudi chuo kusoma shahada ya uzamili, nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo iliyouza programu ya Java kwa saccos. Ijumaa moja bosi akaniita. "Dogo, vuruga msimbo wetu. Wateja wasije wakatuibia."

Nikaichomeka ProGuard kwenye Maven, kati ya kukompaili na kufungasha. Jioni ile klasi ya mkopo ikawa a, metodi ya kukokotoa riba ikawa b. Bosi akafurahi. Nami nikajiona fundi.

Lakini nenosiri la hifadhidata lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo uleule. ProGuard hubadili majina na kuondoa visivyotumika. Maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu huyaacha vilevile. Mtu mwenye javap, inayokuja bure na JDK, angelisoma nenosiri letu chai yake ikiwa bado ya moto. Nilimwambia bosi. Akauliza, "Nani ataangalia?"

Wiki tatu baadaye, siku ya kugawana faida, programu ikakwama kwa wateja. Maktaba ya kusoma JSON hutafuta sehemu kwa majina yake, na majina nilikuwa nimeyafuta. Ripoti ya hitilafu ilisema kosa liko a.b.c, bila namba ya mstari. Faili la mapping.txt, linalorudisha majina halisi, sikulihifadhi. Toleo lililofuata lilikuwa limeandika juu yake. Nilihangaika siku mbili, huku mweka hazina wao, mama wa makamo, akipiga simu kuuliza awaambie nini wanachama. Sikuwa na jibu.

Sasa tuambizane ukweli. ProGuard ipo tangu 2002 na ni chombo kizuri: hupunguza ukubwa wa programu, na humchelewesha anayetaka kuiga kazi yako. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoiita ulinzi. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo usidhurike hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri ibaki kwenye ufunguo. Sisi tuliufunika mfumo, ufunguo tukauacha mlangoni.

Na tulimficha nani? Mwizi mwenye subira asingeshindwa. Walioshindwa kusoma ni mimi niliyetakiwa kurekebisha, na wale waliokuwa wakisubiri pesa zao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo wewe unayeagizwa "funga msimbo" Ijumaa jioni, usikubali kirahisi kama mimi. Kwanza toa nenosiri humo; hifadhidata iguswe na seva pekee. Jaribu toleo lililovurugwa lenyewe, siyo lile la mezani kwako. Tunza mapping.txt ya kila toleo. Ukishamaliza hayo, vuruga upendavyo. Bosi akikuuliza mbona umechelewa, mpe namba ya yule mweka hazina.