Tufaha lina jina lake, tusinunue rangi

Ukienda hospitalini kumjulia hali mgonjwa, aghalabu huendi mikono mitupu. Hukosi mfuko wenye matufaha mekundu yanayong'aa na pakiti ya juisi. Hii imekuwa ada katika miji yetu. Hebu basi nikuulize: matufaha hayo huitwaje? Bila shaka utanijibu kwamba ni matufaha tu, na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo.

Mtu asiyejua jina la tunda lake, wala namna lilivyokua, hununua rangi badala ya chakula. Na anayenunua rangi ni rahisi kuuziwa chochote, ikiwemo juisi inayodaiwa kuwa sawa na tunda lenyewe.

Si kwamba sisi hatujui kuyaita matunda majina. Nenda Mombasa au Malindi msimu wa maembe uone. Mpwani hanunui embe hivi hivi. Atataka kujua kama ni ngowe, boribo au dodo, kwa kuwa anajua lipi lina nyuzi, lipi lina maji na lipi litafaa kachumbari likiwa bichi. Maarifa hayo ameyapata chini ya mwembe, wala hakuyasoma kwenye karatasi iliyobandikwa tunda.

Waingereza wa jimbo la Kent, kusini mashariki mwa nchi yao, huyajua matufaha vivyo hivyo. Karibu na mji wa Faversham, mahali paitwapo Brogdale, pana hifadhi ya kitaifa ya miti ya matunda ambayo ina aina zaidi ya 2,000 za matufaha pekee. Aidha, katika jimbo hilo yapo mashamba ambayo mnunuzi hukaribishwa ndani, akapewa kikapu, akachuma kwa mikono yake, kisha alichochuma kikapimwa kwenye mizani akalipa. Miti yenyewe mara nyingi ni mifupi, hata mtoto huifikia. Ufupi huo hutokana na mashina ya kupandikizia, na kituo cha utafiti cha East Malling, kilichoanzishwa huko huko Kent mwaka 1913, kina sifa kubwa kwa kazi hiyo.

Shamba kama hilo huanza kufunza kabla ya tunda kuonekana. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mitufaha huchanua. Vitumba huwa vya rangi ya waridi iliyokolea, na ua likishafunguka petali zake tano huwa nyeupe au za waridi hafifu. Maua hutoka kwa mashada, na lile la katikati hutangulia kufunguka. Mara nyingi ndilo hutoa tunda kubwa kuliko wenzake. Lakini usiku mmoja wa baridi kali chini ya sufuri unaweza kuyaua maua hayo na kumwachia mkulima majani matupu.

Isitoshe, aina nyingi za mtufaha haziwezi kuzaa vyema kwa chavua yake zenyewe. Ni lazima nyuki alete chavua kutoka kwa mti wa aina nyingine unaochanua wakati ule ule. Chukua mfano wa Bramley, tufaha chachu la kupikia linalopendwa sana na Waingereza. Mti wa kwanza ulitokana na mbegu iliyopandwa mwaka 1809 na msichana aliyeitwa Mary Ann Brailsford, katika mji wa Southwell. Chavua ya Bramley haifai kuzalisha miti mingine. Kwa hivyo mkulima hushauriwa kupanda aina mbili nyingine karibu nayo: ziizalishe Bramley, na pia zizalishane zenyewe.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi wakazi wengi wa mijini wanaonunua ploti nyanda za juu wanauziwa miche ya mitufaha. Muuzaji akikuambia mche ni wa tufaha, bila jina, usifungue pochi. Uliza ni aina gani, na ni aina ipi ipandwe kando yake. Mitufaha mingi ya Ulaya huhitaji mamia ya saa za baridi kali kabla ya kuchanua, na kwetu haiipati. Zipo aina zinazotosheka na baridi kidogo, kama vile Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana visiwa vya Bahama. Hizi mbili huchavushana. Wala usipande mbegu ya tufaha ulilokula ukitumaini kupata lile lile, maana kila mbegu hutoa mti wa namna yake.

Hata wewe usiye na shamba waweza kuisoma kazi ya nyuki mezani pako. Kata tufaha kwa upana. Utaona nyota yenye vyumba vitano, na kwa kawaida kila chumba huwa na nafasi ya mbegu mbili. Tunda lililochavushwa vizuri huwa na mbegu nyingi, nalo hukua sawasawa. Lenye mbegu chache huenda likapinda upande mmoja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Msimu wa kuchuma ukifika, aina ya Discovery hutangulia mwezi Agosti, Cox hufuata Septemba, na Bramley huja karibu na Oktoba. Mchumaji hufunzwa asivute tunda kwa nguvu. Hulishika kwa kiganja, akaliinua na kulizungusha kidogo, na likiwa tayari huachia lenyewe. Hapo ndipo mtoto hujifunza kuwa rangi si kipimo cha kuiva. Granny Smith huliwa likiwa la kijani. Egremont Russet lina ngozi ya kahawia inayokwaruza kama ya kiazi, lakini waliozoea utamu wake hulitafuta makusudi. Je, tunda kama hilo likiwekwa kibandani Nairobi, nani angelinunua?

Kinyume chake ni Red Delicious, lililogunduliwa Iowa, Marekani, katika karne ya 19. Kwa miaka mingi wakulima walichagua matawi yaliyotoa matunda mekundu zaidi, kwa kuwa wekundu ndio uliouzika. Wengi waliolila hulalamika kwamba utamu ulibaki nyuma. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ule mng'ao nao usikuzuzue. Tufaha lina nta yake ya asili, na likioshwa kiwandani nta hiyo hupungua, ndipo likapakwa nyingine inayoruhusiwa kuliwa. Nta hiyo si sumu. Lakini pia si ushahidi kwamba tunda limechumwa juzi, maana matufaha huweza kuwekwa miezi mingi katika vyumba baridi vilivyopunguzwa hewa ya oksijeni. Lioshe kwa maji safi, ulisugue, ulile na ganda lake.

Nasisitiza ganda kwa sababu. Tufaha la wastani likiliwa na ganda hukupa gramu 4 hivi za nyuzinyuzi, zinazosaidia tumbo na kufanya sukari iingie damuni polepole. Ukilimenya unapoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo. Ukilikamua juisi, karibu zote zimekwenda, na gilasi moja ya mililita 240 hukuachia sukari ya vijiko sita vya chai.

Mwaka 2013, jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 187,000. Waliokula matufaha mazima walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, ilhali wanywaji wa juisi za matunda hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Nao madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sasa tazama mikoba ya watoto wetu wa shule, halafu tazama meza iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Hata hivyo, tusiligeuze tufaha kuwa dawa. Ule msemo kwamba tufaha moja kwa siku humweka daktari mbali, kwa umbo lake la awali, ulinukuliwa mwaka 1866 kama methali ya Pembrokeshire, Wales. Mwaka 2015 watafiti waliupima, na hawakuona kwamba wala matufaha huenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Kwa vitamini C, tufaha lina miligramu 5 hivi katika gramu 100, ilhali pera letu la kawaida lina zaidi ya 200. Mfuko wa mapera ni zawadi isiyo na aibu yoyote, tena ni rahisi zaidi. Ila ukimtembelea mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, waulize wauguzi kwanza anaruhusiwa kula nini.

Rai yangu basi ni mbili. Kwanza, wenye mashamba ya matunda kule Limuru, Kinangop na kwingineko wafungue malango, hata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi, watoto wa mjini waje waone ua, nyuki na tunda, wachume na kulipa. Shamba la plamu au la mapera litafunza sawa na la matufaha.

Pili, wewe msomaji, utakaposimama mbele ya kibanda jioni ya leo, muulize mwuzaji jina la tunda na lilikotoka. Asipojua leo, huenda kesho akamuuliza aliyemuuzia. Na ile pakiti ya juisi, iache pale pale ilipo.