Kitambi Si Dhamana

Nilipokuwa na kilo 112 nilikuwa nachukua mali kauli Gerezani bila maneno mengi. Mabati, misumari, rangi, vitasa. Tajiri anaandika kwenye daftari, ananiuliza habari za nyumbani, ananiagizia soda, kijana wake anapakia kwenye Kirikuu, mimi nalipa mwisho wa mwezi. Miaka sita tumekwenda hivyo na sijawahi kupitisha tarehe. Mwaka jana nikafika kilo 83. Siku moja tajiri yule yule alilifunga daftari kabla sijamaliza kutaja mzigo, akaniangalia kutoka kola hadi mkanda, akasema kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, safari hii twende kwa keshi. Hali ngumu, si kwako tu."

Nilikuwa sidaiwi hata mia. Duka lilikuwa linauza kuliko mwaka uliotangulia. Kilichopungua ni tumbo, na kumbe tumbo ndilo alilokuwa analikopesha.

Imani hiyo ndiyo ninayogombana nayo leo: kwamba mwili wa mtu ni taarifa ya benki iliyobandikwa hadharani. Ukimwona na kitambi, basi pesa ipo, mke anapika, usingizi unakuja. Ukimwona amekonda, tatizo lipo, kilichobaki ni kulijua ni lipi. Hakuna anayefundishwa hilo darasani, lakini utalikuta kwa dalali, kwa mwenye nyumba, na hasa kwenye kamati ya harusi, ambako unaandikiwa laki mbili kabla hujafungua mdomo, kwa jinsi tu unavyokijaza kiti.

Lugha yenyewe imejipanga upande huo. Anayenenepa amenawiri, amejaa, ametakata, Dar imempenda. Anayepungua ameisha, amechakaa, amepukutika, amebaki macho. Vijana wana "kimodo" na "potabo", ila hayo ni ya wasichana waliozaliwa hivyo. Mwanaume wa miaka 46 mwenye kisukari, aliyejipunguza kwa hiari yake kama mimi, hana neno. Ana "pole" tu. Nimepewa pole sokoni, msibani, kwenye foleni ya benki, na mara moja nimepewa na mtu aliyekuwa ndani ya gari linalotembea.

Nisiwe mwizi wa fadhila: imani hii haikuzuka hewani. Ilizaliwa na njaa, ikalelewa na misiba. Mwaka 1983 ndio mwaka wa vita dhidi ya uhujumu uchumi, maduka matupu, sukari kwa foleni, ugali wa unga wa Yanga. Mwaka huo huo, mkoani Kagera, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini. Wenyeji waliuita Juliana, jina la kitambaa cha biashara kilichokuwa kikivuka mpaka, na wenzao wa upande wa Uganda wakauita Slim, yaani ule wa kukondesha. Sisi tuliokua miaka ya 90 tulijifunza kusoma shingo za watu. Mjomba akianza kukaza mkanda, wakubwa walikuwa wanatazamana. Na mara nyingi hawakukosea.

Lakini dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure katika vituo vyetu tangu 2004. Leo anayemeza dawa zake vizuri ana mwili wake kamili, pengine kuuzidi wa kwako. Huwezi kumtambua kwa macho, wala si kazi yako kumtambua. Wakati huo huo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu wazima 9 katika kila 100 wana kisukari, na kama robo wana presha. Ule wa afya ya jamii wa 2015/16 ukakuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa uzazi wamezidi uzito. Kinachotuumiza kimehamia upande wa pili wa mzani. Macho yetu yamebaki 1983.

(Na ajabu nyingine: vibonzo vya zama za Ujamaa vilimchora mnyonyaji na tumbo lililotangulia. Kupe. Tumbo lilikuwa kosa kabisa. Sijui ni lini tulilisamehe tukalipa cheo.)

Mama yangu alipanga foleni zile za 1983, kwa hiyo simlaumu, nasimulia tu. Alikuja kutoka Singida na kuku wawili kwenye tenga na dumu la mafuta ya alizeti. Nilimsubiri stendi ya Mbezi. Alishuka kwenye basi, akaangaza, akanipita. Nikamwita. Aligeuka, akasogea karibu, akaweka kidole gumba kwenye shimo lililo juu ya mtulinga wangu, akakiacha hapo kama mtu anayepima kina cha maji. "Huu mfupa," akasema, "mimi siufahamu."

Nyumbani alimsalimia mke wangu vizuri, akapokea maji, akaomba aonyeshwe jikoni. Siku tatu alipika mwenyewe. Mke wangu akawa mgeni mbele ya jiko lake, anaulizwa chumvi iko wapi. Mezani mama hakula, alinitazama. Nikiacha tonge, anasogeza sahani. Siku ya pili akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwani ninyi huku mnakula nini?" Alisema ninyi kwa adabu, ila wote watatu tulijua swali limekwenda kwa nani.

"Anakula anachotaka mwenyewe, mama."

"Haya."

Usiku ule mke wangu alilala ameukabili ukuta. Nilidhani ameshalala. Akasema: "Bora ungebaki na sukari yako." Sikuwa na jibu. Miaka yote ile ya kitambi alikuwa anapewa hongera, "shemeji anatunzwa", na sasa alikuwa anarudishiwa lawama. Hongera hakuistahili na lawama haistahili, maana aliyekuwa ananinenepesha ni mimi mwenyewe, kwa chapati nne na supu kila asubuhi kijiweni, soda tatu kwa siku, na chipsi za saa nne usiku ambazo yeye hakuziona. Hapo ndipo kitambi kinaponichefua: mwanaume anakula, mwanamke anapimwa. Akikonda mwanamke mwenyewe ni balaa zaidi, ataambiwa kaachwa au kaathirika kabla hajafika kisimani.

Siku ya tatu nikaamua kumweleza mama. Nilikuwa nimemficha kisukari changu. Nikamtolea daftari la kliniki, nikamwonyesha namba za mwanzo na namba za sasa, kwamba sukari imerudi mahali pake. Mama anasoma vizuri. Akazifuata namba kwa kidole, akakunja daftari, akanirudishia.

"Basi ni kweli unaumwa," akasema.

Ningeweza kumsomea na tafiti. Uko mmoja uliofanyika Uskochi na kaskazini ya Uingereza, matokeo yake ya mwaka wa kwanza yakachapishwa mwishoni mwa 2017: kati ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo, Roy Taylor wa Newcastle, ameeleza kwa miaka sababu yake: mafuta yanayojazana kwenye ini na kongosho. Yakipungua huko, kongosho linaweza kuamka, hasa kama ugonjwa haujakaa miaka mingi. Hicho ndicho kilichomo ndani ya heshima tunayoibeba mbele. Mafuta yaliyokosa pa kukaa.

Heshima, hata hivyo, ilikuwa ya kweli na imeondoka kweli. Vijana wa maegesho walikuwa wananipa "shikamoo bosi, rudi nyuma kidogo, hapo hapo". Siku hizi ni "oya bro, hapo hapatakiwi". Ofisi ya mtaa nilikuwa navutiwa kiti, sasa nasubiri nje na wenzangu. Kichwa kina mvi zile zile. Sikujua kwamba shikamoo nilizokuwa naitikia "marahaba" kwa kifua kizito zilikuwa za tumbo, na kwamba likihama zitalifuata.

Mengine ni ya mwilini, na hakuna aliyeniambia. Nilianza kusikia baridi. Dar, mwezi wa Januari, watu wanalala na milango wazi, mimi nimejifunika blanketi na feni imezimwa, mke wangu analalamika. Viti vya plastiki vya msibani nilivyokuwa navikalia saa sita sasa vinanichoma makalio kwa mfupa. Pete ya ndoa ilidondokea kwenye ndoo ya maji. Mwezi wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, na hilo lilinitisha hadi daktari aliponieleza kwamba mwili ukipungua kwa kasi nywele huenda likizo, kisha hurudi. Ngozi ya tumbo haikupungua nami. Imekunjika hapo kama hema lililoshushwa nguzo.

Hatari ilikuwa vidonge. Sukari ilikuwa imeshashuka yenyewe, lakini vidonge vya kuishusha viliendelea na kazi kwa dozi aliyoandikiwa mtu wa kilo 112. Asubuhi moja kwenye daladala, Buguruni, jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, maneno yakagoma. Konda (ndiyo, konda, lugha yetu ina utani wake) akatangaza: "Mzee kalewa saa mbili asubuhi." Mama mmoja aliyekaa jirani ndiye aliyefungua juisi ya mwanawe akaniwekea mdomoni. Wiki hiyo dozi ikapunguzwa. Kwa hiyo mwenye dawa za sukari au presha anayepungua asikae nyumbani akijisifu, arudi kliniki wampime upya.

Na kichwa nacho. Bado napita mlangoni kwa ubavu. Bado dukani naomba shati la mtu mwingine. Mwaka mzima umepita, na nikijiona kwenye kioo cha saluni huwa namsubiri yule mtu anipishe. Kijiweni nako nimepoteza jina. Nilikuwa Bonge, mzaha wote ulianzia kwangu. Sasa nikikaa na chai kavu, wenzangu wanashusha sauti na kusogeza sahani zao za chapati upande wa pili, kana kwamba nimekuja kukagua.

Wale wanaouza chai za kukata tumbo wiki mbili watakuambia picha ya kwanza ni huzuni na ya pili ni furaha. Hao ni ndugu wa tajiri wangu wa Gerezani. Nao wanasoma mwili kama taarifa ya benki, wamegeuza tu ukurasa. Picha yangu ya pili ina mtu mwenye sukari nzuri, mke aliyenuna na akaunti ya keshi tupu.

Sisemi tusiulizane. Anayepungua bila kujua sababu aende hospitali mapema: kifua kikuu kinakondesha, saratani inakondesha, na kisukari chenyewe kisichotibiwa kinakondesha. Rafiki aliyeona mkanda wangu umesogea matundu matatu ana haki ya kunivuta pembeni akaniuliza, "Vipi, upo salama?" Mmoja alifanya hivyo, akasikiliza jibu, tukaendelea na mengine. Mmoja, katika miezi kumi na minne. Wengine wote walikuja na hukumu imeshaandikwa, wanatafuta pa kuisainisha. Shangazi yangu alifika mpaka kwenye maombi. Ingekuwa 2011 angenipakia basi la Loliondo nikanywe kikombe cha Babu kwa shilingi 500.

Wiki iliyopita nilipeleka suruali tano kwa fundi wangu wa miaka yote. Yeye ndiye aliyezipanua, sasa azibane. Alinipima kiuno mara mbili, kama haamini futi yake, akaandika kwa chaki, hakusema kitu. Nilikuwa nawaza utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2016, wa watu 14 waliopungua kwenye shindano la televisheni la The Biggest Loser. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na miili yao ilikuwa bado inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili unadai. Unakaa miaka unadai, na kila saa nne usiku mimi nausikia unavyogonga mlango.

Nilipozifuata suruali, zimekaa vizuri. Nikageuza moja kuangalia mshono. Ndani, kila upande, kitambaa kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mrefu wa kufumuka kirahisi.

"Nimekuachia akiba ya inchi mbili mbili, bosi," fundi akasema, huku akitafuta chenji. "Ukipona, zilete tu."