Kitumba cha Mgomba Kisicho na Kazi

Katika Mushasha, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, ni shida kuiona nyumba isiyozungukwa na migomba. Mama hukata ndizi za kupika, mzee hungoja zile za kukamuliwa pombe, na mtoto hukata jani la kujikinga mvua. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini tunda hilo halina mbegu. Amenyaye ndizi mbivu huona vidoto vyeusi tu katikati. Ndiyo mabaki ya mbegu ambazo hazikupata kuumbwa.

Sababu imo katika chavua, ule unga wa maua. Chavua huanza kama seli moja ndani ya kifuko cha ua dume. Seli hiyo hugawanyika mara mbili na kutoa seli nne, kila moja ikirithi nusu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa mmea. Mgomba wa porini wa Asia ya kusini-mashariki una kromosomu 22. Kila chembe ya chavua hupata 11, na mgawo huenda bila ugomvi. Matunda yake hujaa mbegu ngumu kama changarawe, wala hakuna awezaye kuyala kwa raha. Mgomba wa nyanda za juu za Burundi, kama ule wa Buganda na wa Bukoba, una kromosomu 33, yaani mafungu matatu ya 11. Mafungu matatu hayagawanyiki sawasawa kwa wawili. Nyuzi huenda ovyo, huku nyingi na kule chache, na chavua karibu yote huwa tasa. Tunda hunenepa lenyewe bila kurutubishwa.

Wakulima wa kale waliupenda utasa huo, wakaueneza kwa machipukizi kizazi hata kizazi. Ndiyo maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba migomba hiyo ya nyanda za juu, pamoja na majina yake mengi, inakaribia kuwa sawa kabisa kwa urithi, kana kwamba yote imetoka kwa mzazi mmoja. Kilicho udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote.

Kuizalisha upya ni kazi ya subira. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Uganda wamekuwa wakiipaka baadhi ya migomba hiyo chavua ya mgomba wa porini uitwao Calcutta 4. Mikungu mingi haitoi kitu. Mingine hutoa mbegu chache, na viinitete vyake hulelewa katika chupa za maabara kwa kuwa udongoni haviwezi kuota vyema. Mzao huo huzalishwa tena na migomba mingine, na ndipo zilipopatikana aina ziitwazo NARITA.

Wakati huo huo maradhi hayangoji. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001, uliingia Burundi mwaka 2010. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani yake huwa kahawia. Wadudu hufuata utamu wa maua ya kile kitumba cha zambarau kinachoning'inia chini ya mkungu, na huacha vijidudu penye makovu mabichi ya maua yaliyodondoka.

Sasa, kitumba hicho ni maua dume, na chavua yake haina kazi shambani. Kukiondoa hakumpunguzii mama hata ndizi moja. Chane ya mwisho ikishajitokeza, kivunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa maana panga lililogusa mgomba mgonjwa hupeleka maradhi kwa mzima. Ikilazimu kutumia panga, lipitishwe motoni kati ya mgomba mmoja na mwingine. Na chipukizi lisichukuliwe kwa jirani ambaye shamba lake limeanza kunyauka, hata akilitoa kwa moyo mweupe.