Dawati Lina Nyuzi Ngapi?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja hapo hapo ulipokaa, iwe kantini, ukumbini au kitandani hosteli. Shika chuma cha kiti au cha kitanda, uhesabu mpaka tano. Halafu shika mbao, au jalada la daftari. Kipi kina baridi zaidi?

Kama umesema chuma, uko na wengi. Mimi mwenyewe nilikuwa huko mpaka Julai iliyopita, na mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kulifundisha hilo somo. Nipo mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Fizikia. Mada ya joto nimekutana nayo sekondari, kidato cha sita, na hapa chuoni nimeipigia msuli mpaka UE na sikunywa supu. Desa zangu za joto zimezunguka hosteli nzima. Ungeniamsha saa nane usiku ningekutajia kanuni zote kwa mpangilio, na bado sikujua dawati lina nyuzi ngapi.

Fildi nilipangiwa Njombe. Waliofika Njombe mwezi wa saba wanajua ninachosema: ukungu mpaka saa tatu asubuhi, walimu wanafundisha wamevaa makoti, wanafunzi wameficha mikono ndani ya masweta. Nilipewa kidato cha tatu, mada ya usafirishaji wa joto. Nikaingia na andalio la somo lililonyooka. Tukataja njia tatu, conduction, convection na radiation, nikaandika maana zake ubaoni, wakanakili, wakarudia kwa sauti. Nilitoka nikijiona mwalimu.

Siku ya pili mwanafunzi mmoja wa kike wa nyuma akasimama. Akasema kwa Kiingereza cha kuungaunga, halafu kikamwishia, akamalizia Kiswahili: “Mwalimu, hili dawati limelala humu humu usiku kucha. Chuma kimelala humu, mbao imelala humu. Mbona chuma kina baridi kuliko mbao?”

Nikamjibu kitabuni kabisa: chuma ni kipitishi kizuri cha joto, mbao ni kipitishi hafifu. Akasema, “Ahsante mwalimu,” akakaa. Mimi nikaendelea.

Jibu langu halikuwa na kosa lolote, ila halikumjibu. Aliuliza kwa nini chuma kina baridi kuliko mbao, na mimi sikumwambia kwamba hakina. Sikumwambia kwa sababu hata mimi nilikuwa naamini kinayo.

Wiki ile nikatoa jaribio. Swali la kutaja njia tatu, karibu wote wakapata. Lakini kwa utundu tu nikaongeza swali langu: saa moja asubuhi, kabla jua halijaingia darasani, kipi kina halijoto ndogo, mguu wa chuma wa dawati au ubao wake wa juu? Karibu darasa zima wakaandika mguu wa chuma. Nikamuuliza mwenzangu wa fildi, naye wa Fizikia, tukiwa tunakula ugali jioni. Akasema, “Si chuma? Kishike uone.” Tukaangaliana. Ndipo nilipoogopa.

Kesho yake nikaomba kipimajoto stoo. Kilikuwepo kimoja tu, kimefungwa kwenye gazeti. Tukakibana kwenye chuma cha dawati, tukakifunika kwa kitambaa, tukasubiri. Nyuzi 12. Tukakihamishia kwenye mbao, kitambaa kile kile, subira ile ile. Nyuzi 12. Darasa likalipuka. Mmoja akapiga kelele kwamba kipimajoto kibovu. Nikafurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu hilo ni pingamizi la kisayansi. Basi tukakijaribu: akakishika kwapani, kikapanda. Tukakirudisha kwenye chuma, kikashuka mpaka 12, kikatulia.

Nieleze kwa wale ambao siyo wa sayansi. Ngozi ya kiganja chako huwa na nyuzi kama 30 na kitu. Dawati la Njombe asubuhi lina 12. Joto hutoka kwenye kitu chenye halijoto kubwa kwenda kwenye chenye halijoto ndogo, na halisimami mpaka halijoto zilingane. Chuma na mbao vikikaa chumba kimoja usiku kucha bila moto wala jua, vinalingana vyenyewe na hewa ya chumba, hiyo ndiyo tunaita msawazo wa joto. Sasa ukiweka kiganja, joto linatoka kwako kwenda kwenye dawati. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, kwa hiyo kinalipokea na kulisambaza mbali haraka, na ngozi yako inapoa. Mbao inapata joto pale pale ulipogusa, haliendi mbali, na muda mfupi ngozi yako inapumzika. Mkono wako haupimi nyuzi za dawati. Unapima kasi ya joto lako kukutoka.

Ndiyo maana dawati hilo hilo ukiliacha juani mchana kweupe, chuma kinakuunguza na mbao unaikalia vizuri tu. Joto sasa linaelekea kwako, na chuma kinalileta haraka.

Huu si ugunduzi wa jana. Joseph Black, daktari na mkemia aliyefundisha Glasgow kisha Edinburgh karne ya 18, aliwasisitizia wanafunzi wake jambo hili hili: viache vitu vya kila aina mahali pamoja, kipimajoto kitakuonyesha vyote vimefika halijoto moja, hata kama mkono wako unakataa. Yeye ndiye aliyetuonya tusichanganye kiasi cha joto na halijoto. Wanafizikia waliona jambo hili la msawazo kuwa la wazi kiasi kwamba hawakulipa namba. Kanuni ya kwanza na ya pili za thamodainamiki zikachukua namba zao, na ilipofika miaka ya 1930 wakagundua kuna moja ya msingi zaidi haina nafasi mbele. Ikabidi ipewe sifuri.

Na bibi zetu wanaijua. Bibi yangu akinichanganyia maji ya kuoga hakuwa na kipimajoto. Sufuria ya lita 2 inayochemka, ndoo yenye lita 8 za maji ya nyuzi 20, anakoroga, anachovya kiwiko, anasema nenda kaoge. Piga hesabu: inakuja nyuzi 36, ukisahau joto kidogo linaloibiwa na ndoo. Hesabu hiyo hiyo ya kuchanganya maji iko kwenye mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi wanaiogopa. Wanaiogopa kwa sababu kwenye karatasi wanakutana na “kalorimita ya shaba” ambayo hawajawahi kuiona, na hakuna aliyewaambia kwamba ile ni ndoo ya bibi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Hapa chuoni tunapenda sana kumtaja Erasto Mpemba. Kila wiki ya wanafunzi lazima mtu asimame amtaje. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia nzima, na darasa likaanza kumtania kila akikosea. Halafu akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam wakati huo. Mpemba akasimama mbele ya watu akauliza, wenzake wakacheka. Osborne alikiri hajawahi kulijaribu, akarudi Dar kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education.

Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lile hutokea kweli. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio yanayolitilia shaka. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba tukisimulia hadithi hii sisi sote tunajiweka upande wa Mpemba. Hakuna anayejiweka upande wa yule mwalimu. Na sisi wa Kitivo cha Elimu ndio walimu! Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na silabasi ya kumaliza na jibu sahihi la kitabuni, kama mimi na yule dada wa nyuma. Mimi sikumcheka, nilimnyamazisha kwa ustaarabu, tena akanishukuru.

Ninavyoona, tatizo linaanzia hapa hapa. Kwenye mazoezi yetu ya kufundishana, tunasimama mbele ya wenzetu kumi, tunataja malengo, tunatoa maana, tunauliza “mmeelewa?”, wenzetu wanaitikia ili zamu yao ikifika na sisi tuitikie. Hakuna hata siku moja mtu ameniuliza swali ambalo lingenifanya nishindwe. Tunaoneana huruma, na bili ya huruma hiyo analipa mtoto wa Njombe.

Kuna lugha pia. Wanafunzi wale shule ya msingi walisoma mpitisho, msafara na mnunurisho. Walipofika sekondari maneno yakabadilika, wakaanza kukariri upya kana kwamba ni mambo mapya. Nilipowaruhusu wabishane Kiswahili kwanza kisha waandike Kiingereza, ndipo nilipojua wanaamini nini hasa. Mfano blanketi. Wote waliamini blanketi lina joto. Tukachukua chupa mbili za maji ya bomba, baridi kweli kweli, moja tukaiviringishia sweta zito, tukaziweka juani. Ipi itapata moto haraka? “Ya sweta!” Baada ya kipindi tukazipima. Ya wazi imeshapata uvuguvugu, ya sweta bado baridi. Kijana mmoja akasema ndiyo maana wauza samaki kwao Mbamba Bay wanafunika barafu kwa magunia. Alikuwa anajua siku zote, ila hakuwahi kuambiwa kwamba ile ni Fizikia.

Sera ya lugha ya kufundishia ina wenyewe, simo. Nasema dakika kumi za ubishi kwa Kiswahili hazivunji sera ya mtu.

Najua jibu la wenzangu, nimeshalisikia chumbani: mtihani wa taifa hauulizi dawati. Ni kweli, unauliza utaje na ueleze. Na muda nao haupo. Mimi mwenyewe nilipoteza vipindi viwili kwenye dawati na sweta, na msimamizi wa fildi alikuja siku ya chupa. Akakuta watoto wako nje, sauti juu, ubao mtupu, andalio linasema kitu kingine. Alama alizonipa nimezificha mpaka leo. Kwenye fomu yake kuna nafasi ya matumizi ya ubao, ya usimamizi wa darasa, ya kutimiza malengo. Nafasi ya swali lililoulizwa na mwanafunzi haipo. Simlaumu, alijaza alichopewa. Lakini fomu hiyo inaandikwa na watu, na serikali yetu ya wanafunzi ina mwakilishi kwenye kitivo. Naomba apeleke hoja hii kikaoni: mstari mmoja tu uongezwe, mwanafunzi aliuliza nini, na mwalimu alifanya nini. Na kwenye mazoezi yetu ya kufundishana, anayefundisha apewe swali moja gumu kutoka kwa mtu aliyejiandaa kumbana.

Wiki ya mwisho yule dada akasimama tena. Safari hii hakuhangaika na Kiingereza. “Mwalimu, umesema vitu vyote vikikaa pamoja vinalingana. Mimi nakaa humu tangu asubuhi. Kipimajoto kwapani kinasema 37, chumba kinasema 14. Mbona mimi silingani?”

Darasa likacheka, mimi sikucheka. Nilimwambia, “Hilo nitakujibu kesho.” Usiku nikakaa na kalamu. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100, sawa na balbu moja kubwa ya zamani, na analifidia kwa chakula anachokula. Akiacha kulifidia analingana na chumba, na hapo tunamzika. Nikazidisha kwa idadi ya darasa, wanafunzi arobaini na zaidi, nikapata kama wati elfu nne. Ndiyo maana ikifika kipindi cha tatu, milango imefungwa, walikuwa wanaanza kuvua masweta.

Asubuhi nikaingia bila andalio. Nikamwita mbele, nikampa chaki.