Miaka 30 Kibera, Sentensi Moja kwa Wasifu

Chukua programu ya mazishi, ile yenye picha ya rangi mbele, usome wasifu polepole. Alizaliwa wapi, baba nani, mama nani, shule ya msingi gani, alibatizwa mwaka gani. Halafu unafika hapa: "Baadaye alihamia Nairobi kutafuta kazi." Nukta. Sentensi inayofuata, ameshaanza kuugua.

Sasa huyo mtu amekaa Gatwekera miaka 30. Alitoka ushago na miaka 19, akarudi kwa sanduku na miaka 49. Maisha yake yote ya utu uzima yameingia kwa sentensi moja, na hiyo sentensi haisemi kitu.

Sio ubaya wa mtu. Wasifu huandikwa na watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani wanaandika walichoona: utoto, harusi, na zile Krismasi alizofika. Nairobi hawaijui. Sisi majirani ndio tunaijua, na mimi nasema sisi ndio tunafaa kulaumiwa wasifu ukitoka hivyo.

Angalia vile matanga ya mtaa huenda, Kibera ama Kawangware. Mtu akifariki, kazi inaanza saa hiyo hiyo. Mwili uko mochari na bili inapanda kila siku. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, posta inatoka na namba ya M-Pesa, hema inasimamishwa, viti vinakodishwa. Kila jioni daftari inasomwa: huyu mia mbili, huyu mia tano, huyu ameahidi elfu. Ijumaa usiku basi inaondoka kuelekea Busia, Siaya, Kakamega ama Kisii. Jumatatu watu wako kazini, na landilodi ashapata mpangaji mwingine.

Hiyo daftari naiheshimu sana. Watu ambao wenyewe hawajalipa rent wanasafirisha mwenzao karibu mpaka mpaka wa Uganda, na wanarudi na risiti. Hakuna serikali inatufanyia hivyo. Lakini daftari inaandika nani ametoa. Haiandiki nani ameenda.

Plot yetu hapa Kawangware, upande wa Congo, ni watu wachache, vyumba kumi na nne na choo mbili. Mwaka huu tumezika watatu. Siweki majina kwa sababu familia hazijaniruhusu, ila wacha niseme maisha yao.

Wa kwanza ni mama wa chapati. Alikuwa anaamka saa tisa usiku. Deni zetu alikuwa anaziandika na chaki kwa mlango wa kibanda, kila mtu na alama yake, usijue ya mwenzako ni ipi. Januari shule zikifunguliwa, alama zingine zilikuwa zinapotea zenyewe. Wenye watoto wa kuingia darasa la kwanza walijua ni nani amefuta, na hakuna siku alitaja. Wasifu wake ulisema: "Alikuwa mfanyabiashara mdogo."

Wa pili ni mzee soja. Kila jioni alikuwa anatembea na mguu kwenda kulinda boma la watu Lavington, na asubuhi anarudi na gazeti la jana alilopewa kule. Hakuwa analifungia nyama. Alikuwa anaketi kwa ngazi, anaita watoto wa plot, kila mtu anasoma aya moja kwa sauti. Ukiruka neno, unarudia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosa, na watu huniuliza Kiswahili cha kuandika nilikitoa wapi. Nilikitoa kwa Taifa Leo za jana, kwa hiyo ngazi. Wasifu wake ulisema: "Alifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi."

Wa tatu alikuwa kijana wa mjengo, miaka 26. Mvua ikinyesha mtaro wetu hufurika mpaka kwa milango. Kuna shosho mmoja hapa hawezi kutembea vizuri, na huyo kijana ndiye alikuwa anambeba mgongoni mpaka kwa barabara, mara ngapi sijui, na hakuna mtu alimtuma. Wasifu wake ulimaliza hivi: "Hakujaliwa kupata mtoto." Kama vile hiyo ndiyo hesabu ya mtu.

Kuna mtu ataniambia, "Buda, si kaburi liko? Wataenda kumkumbuka huko." Liko, ndio, ushago. Sitaki kuanzisha tena ile vita ya nani azikwe wapi. Kenya iliipigana mbele ya majaji, wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986 hapa Nairobi, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987 baada ya miezi mitano ya kesi. Mwili uende nyumbani, sawa. Lakini mtoto wa yule mama wa chapati anakaa Kawangware, na nauli ya kwenda kuona kaburi ni chakula cha wiki mbili. Akitaka kumjua mamake, atauliza nani? Sisi. Na sisi tunahama, tunasahau, tunakufa pia.

Wanubi wa Kibera hawana hii shida kwa njia hii. Wale askari kutoka Sudan waliokuja na jeshi la mkoloni walikaa hapa zaidi ya miaka mia iliyopita, na hata jina Kibera limetoka kwa Kinubi, kumaanisha msitu. Wao huzika hapa hapa. Mjukuu anaenda kaburini kwa miguu, na anajua babu alikuwa nani kwa mtaa huu. Juni 2017, serikali ilipowapa hati ya ekari 288, hakuna mtu angewaambia hawana historia hapa. Sisi wengine hatuna hata jiwe. Na nyumba yenyewe hubomolewa: Julai 2018 tingatinga zilipita Kibera kupisha barabara, na maelfu ya watu walibaki bila keja. Leo huwezi kumwonyesha mtoto mlango ukisema "mamako alikuwa anaishi hapa." Ni lami.

Sasa kama hakuna kaburi na hakuna mlango, kinachobaki ni maneno. Na maneno yanatosha, tukiyaweka. Ken Okoth, mbunge wa Kibra aliyelelewa hapa hapa, alifariki Julai 2019, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Lakini uliza mtu wa Kibera kumhusu, utapewa hadithi za masomo mpaka uchoke. Anakumbukwa kwa sababu watu walisema. Mbunge watu watasema tu. Mama wa chapati lazima tukusudie.

Na kizazi chetu kinajua kukusudia. Kufikia tarehe 1 Julai 2024, tume ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa kwa maandamano. Vijana walikataa wabaki namba. Tulitafuta majina, tukatafuta picha, na Julai 7 watu wakajaa Uhuru Park kuwakumbuka. Ilikuwa sawa kabisa kufanya hivyo. Swali langu ni moja: lazima mtu apigwe risasi ndio tuulize aliishi vipi? Mwenye alikufa na presha Laini Saba, mwenye alikufa na TB Gatina, huyo maisha yake ni ya nani kuandika?

Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwa ramani za intaneti. Vijana wa hapa walichukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyote, wakaweka kila choo, kila kliniki, kila msikiti. Ndio ilikuwa mwanzo wa Map Kibera. Hawakungoja mtu wa mapping kutoka ofisi ya serikali. Watu nao wanaweza kuandikwa hivyo hivyo.

Naomba vitu vitatu pekee.

Kwanza, usiku wa mwisho wa matanga, daftari ikishafungwa, tenga nusu saa ambayo hakuna pesa itatajwa. Majirani waongee: mtu huyu alikusaidia na nini, alikuwa anacheka na nini, alikuwa anakasirishwa na nini. Ndio, hata hasira zake. Mtu ambaye hana kasoro hatumtambui.

Pili, mmoja aandike. Ukurasa mmoja, mkono wowote, Kiswahili chochote. Nakala moja ipande basi iende isomwe ushago, ndio watu wa nyumbani wajue mtoto wao alikuwa nani huku. Nyingine ipewe watoto. Nyingine ibaki kwa chama, kanisa ama msikiti wa mtaa. Kama kuna mtu alikuwa anamdai ama anadaiwa na yeye, ama kuna hisa zake kwa chama, hiyo pia iandikwe. Nimeona watoto wakikosa haki yao kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka.

Tatu ni ya wenzangu tunaotengeneza video. Marehemu sio kontenti. Uliza familia kwanza, na wakisema hapana, weka simu mfukoni. Ukurasa wa karatasi hauna views, na kazi yake utaifanya tu.

Najua mtasema matanga ni pesa kwanza, na mochari haingoji hadithi. Ni kweli. Nusu saa haitaongeza bili. Na yule shosho wa plot yetu, mvua ya Novemba ikianza, ataulizwa na wapangaji wapya ni nani alikuwa anambeba. Anafaa kuwa na karatasi ya kuwaonyesha.