Vijembe vya Chicago na Mchezaji Achukiwaye

Mzaha mzaha, walinena wahenga, hutumbuka usaha. Tarehe 20 Mei 2006, jijini Chicago, usaha huo ulitumbuka mbele ya maelfu ya mashabiki. Timu mbili za besiboli za jiji hilo moja, Cubs ya upande wa kaskazini na White Sox ya upande wa kusini, zilikuwa zikimenyana katika uwanja wa White Sox. Mchezaji wa White Sox aitwaye A. J. Pierzynski alitimua mbio kuelekea kituo cha mwisho, kile ambacho mkimbiaji akikifikia salama timu yake hujipatia pointi. Hapo palisimama mdakaji wa Cubs, Michael Barrett, akiungojea mpira ambao ulikuwa haujamfikia. Pierzynski alimkumba, akambwaga chini, kisha akakipiga kituo kile kofi, mfano wa mcheza dhumna wa barazani anapomaliza mchezo. Waliposimama, Barrett alimshika na kumtandika ngumi ya uso. Timu zote mbili zikamiminika uwanjani. Barrett alifungiwa mechi 10. Pierzynski, ambaye ndiye aliyepigwa, naye alitozwa faini ya dola 2,000. White Sox walishinda kwa pointi 7 kwa nunge.

Huenda msomaji akajiuliza, besiboli ina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo, nao unaanzia katika msamiati. Wamarekani wana jina moja wanalolitumia kwa maneno yote ya uchokozi yanayorushwa kabla, wakati na baada ya mchezo. Wapo wenzetu wanaolihamisha jina hilo kwa tafsiri sisisi na kutuletea "maneno ya takataka". Tafsiri hiyo ni mbovu, si kwa sababu inachusha masikio tu, bali kwa sababu inavitupa jaani vitu ambavyo lugha yetu ilikwisha kuvipambanua zamani. Anayejisifu anatoa tambo. Anayemsema mwenziwe kwa fumbo, hali kila asikiaye anajua asemwaye ni nani, anapiga kijembe. Anayemdharau mtu waziwazi anamkebehi. Anayemtaja mamake mtu au kabila lake ametukana. Hivi si kitu kimoja. Shabiki aliyelelewa katika lugha hii hutambua mara moja pale msemaji anapotoka katika kimoja na kuingia katika kingine, hata kama hajawahi kukanyaga darasa la fasihi simulizi.

Tuutazame mji wenyewe. Cubs na White Sox zilikutana katika fainali ya mwaka 1906. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 msimu ule, wakawa wanatarajiwa kuwafagia jirani zao. White Sox, waliokuwa wakidharauliwa kwa upigaji wao hafifu, wakawashinda kwa mechi nne dhidi ya mbili. Baada ya hapo, kwa kuwa timu hizo zimo katika ligi mbili tofauti, hazikukutana katika mechi za kawaida za msimu hadi mwaka 1997, utaratibu ulipobadilishwa. Fikiria, msomaji, karibu karne nzima ya majirani kurushiana maneno bila ya mechi rasmi ya kuyathibitisha! Nadhani hilo ndilo lililoyanoa maneno yao. Palipokosekana matokeo, palibaki ulimi.

Ulimi nao haukukosa malighafi. Cubs walitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha wakakaa miaka 108 bila kuuonja tena hadi 2016. White Sox waliutwaa mwaka 1917, wakangoja hadi 2005. Kila upande ulikuwa na kidonda cha kutoneshwa. Juu ya hayo palikuwa na suala la tabaka: kusini kulihesabiwa kuwa kwa wavujajasho, wenyeji wa mitaa iliyozunguka machinjio makuu ya mifugo ya jiji hilo, kaskazini kukahesabiwa kuwa kwa wenye nafasi, wanaokwenda Wrigley Field kuota jua na kunywa bia. Ukweli wa picha hizo ni nusunusu, lakini kijembe hakihitaji ukweli mzima. Hutosheka na kile ambacho pande zote mbili zimekwisha kukisikia.

Hapa yupo shabiki mmoja ambaye sisi Wakenya hatuna haja ya kutambulishwa kwake. Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, ni White Sox wa kutupwa. Mwaka 2008, akiwa angali mgombea, aliulizwa kuhusu timu hizo, akajibu kwa maana kwamba ukienda Wrigley Field utapata bia na watu wenye sura za kupendeza, lakini hawautazami mchezo. Besiboli yenyewe iko kusini. Mwanasiasa mwangalifu hasemi hivyo juu ya wapiga kura wa mji wake mwenyewe. Alisema, na wala hapakuwa na kilio. Kwa nini? Kwa sababu mkewe, Michelle, ingawa alikulia kusini, alikuwa shabiki wa Cubs tangu utotoni. Kijembe kilikuwa kikirudi nyumbani kila jioni. Na tarehe 16 Januari 2017, zikiwa zimesalia siku nne tu aondoke madarakani, Obama huyohuyo aliwapokea mabingwa wa Cubs katika Ikulu ya Marekani, akatania, akataniwa, akawapongeza. Hiyo ni tabia ya mtani hasa.

Sasa turudi kwa Pierzynski. Mwaka 2012 jarida moja la Marekani liliwahoji wachezaji 100 wa ligi kuu kuhusu mwenzao wanayemchukia zaidi, na jina lake likaongoza. Kocha wake, Ozzie Guillén, alikuwa na msemo maarufu juu yake: ukicheza dhidi yake unamchukia, ukicheza pamoja naye unamchukia kidogo. Lakini kosa lake lilikuwa lipi? Mfano bora ni mechi ya tarehe 12 Oktoba 2005, White Sox walipokuwa wakichuana na Angels katika kuwania nafasi ya kuingia fainali. Timu zilikuwa sare, moja kwa moja, ngwe ya tisa. Pierzynski alikosa kuupiga mpira kwa mara ya tatu, hali ambayo kwa kawaida humtoa mpigaji. Mdakaji wa Angels aliamini kwamba ameudaka mpira kabla haujagusa ardhi, akauviringisha katikati ya uwanja na kuanza kuondoka. Pierzynski alipiga hatua kadhaa kuelekea benchi lake, kisha akageuka ghafla na kukimbilia kituo cha kwanza, kwa maana kanuni husema kuwa mpira usiodakwa vyema humruhusu mpigaji kukimbia. Mwamuzi alikubali. Muda mfupi baadaye White Sox walipata pointi ya ushindi, na mwezi huo haukwisha kabla hawajawa mabingwa.

Sisi tuliosoma ngano tunamjua mtu huyu. Ni Sungura. Ni Abunuwasi akiidai haki yake kwa kuyashika maneno yaleyale ya sultani. Katika ngano tunampenda kwa sababu fanani ametuketisha upande wake. Hakuna anayetuhadithia kisa hicho kutoka katika kiti cha Fisi. Uwanja wa michezo ndio jukwaa la nadra ambapo hadithi husimuliwa kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nusu ya hadhira imekaa kitini kwa Fisi. Mchezaji achukiwaye aghalabu si mvunja sheria. Ni yule anayezijua sheria kuliko mwenye kumchukia, halafu akakipiga kituo kofi ili ajulikane kwamba anajua. Wala mimi sioni dhambi katika kuzomewa kwake. Kumzomea Sungura ni sehemu ya ngano.

Mji mmoja wenye pande mbili si jambo geni kwetu. Lamu ina Mkomani na Langoni. Enzi za ukoloni, ngoma za beni zilizoenea kutoka pwani ziligawanya vijana wa miji mingi katika makundi ya Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo za kusutana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ilikuwa ikiviziana kwa silaha hasa. Katika miaka ya 1990, jijini Dar es Salaam, vikundi vya TOT na Muungano vilijaza kumbi kwa mipasho. Jambo moja linaviunganisha vyote hivi: anayesemwa lazima awe na uwezo wa kujibu, kwa lugha ileile, mbele ya hadhira ileile. Adui wa mbali hapigwi kijembe. Hapati hata kukielewa.

Nalitaja hilo kwa sababu ndilo linalotupa kipimo, na kipimo tunakihitaji. Mnamo Aprili 1947, Jackie Robinson, Mwamerika mweusi wa kwanza kuchezea ligi kuu katika karne ya 20, aliingia uwanjani Brooklyn kupambana na Phillies. Kocha wa Phillies, Ben Chapman, na baadhi ya wachezaji wake walimvurumishia matusi ya rangi mechi baada ya mechi. Chapman aliposhutumiwa alijitetea kwamba hiyo ni desturi ya mchezo, na kwamba wachezaji wa asili ya Italia na kwingineko wamekuwa wakiambiwa vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, ni utani tu. Lakini Robinson alikuwa ameombwa na waajiri wake asijibu. Alikuwa amefungwa kinywa kabla mchezo haujaanza! Malumbano ambayo upande mmoja umenyimwa ulimi si malumbano, hata yakipambwa kwa jina gani.

Guillén, ambaye vijembe vyake dhidi ya Wrigley Field viliwachekesha hata baadhi ya mashabiki wa Cubs, naye aliuvuka mpaka huo Juni 2006, alipomwita mwandishi mmoja wa michezo kwa neno la kuwadhalilisha mashoga. Alitozwa faini na kuamriwa ahudhurie mafunzo ya kuheshimu wengine. Ulimi ni uleule, mwezi mmoja tu baada ya ile ngumi. Lakini neno lilikuwa limetoka kwa aliyelengwa na kuwapiga watu ambao hawakuwamo mchezoni. Na wakati mwingine mashabiki humgeukia mtu wao. Oktoba 2003, shabiki wa kawaida wa Cubs alinyoosha mkono kuupokea mpira uliokuwa ukiangukia jukwaani, kama walivyofanya waliokuwa kando yake. Cubs wakaja kushindwa. Mtu yule alirushiwa vitu na matusi hadi akatolewa uwanjani chini ya ulinzi, akaishi kwa kujificha miaka mingi. Timu ilimpa pete ya ubingwa mwaka 2017. Pete ni kitu kizuri, lakini ilikuja baada ya miaka 14.

Wataalamu walioandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika tangu miaka ya 1940 walibaini jambo ambalo wapenzi wa soka wanaojiita watani wa jadi hulisahau. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, ndiyo, lakini pia ana wajibu msibani. Ndiye anayeshughulikia mazishi, ndiye anayewachekesha wafiwa, na hawezi kukataa. Ruhusa ile imelipiwa. Kwetu Nairobi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa ya mashemeji, na jina hilo limebeba ndoa halisi baina ya jamii mbili: ukimtania shemeji leo, kesho utaketi naye kwenye harusi au tangani. Ndiyo maana jina lile lina thamani, na ndiyo maana mawe na viti vilivyong'olewa ambavyo tumeviona viwanjani ni usaliti wa jina lenyewe.

Baada ya yaliyotokea nchini mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayoharamisha matamshi ya chuki. Tangu hapo nimesikia watu wazima, baadhi yao viongozi, wakilitusi kabila jukwaani kisha wakijikinga kwa kusema "tulikuwa tunatania". Nani alikuwa mtani wao? Walimzika nani? Mwanasheria huenda asijue kuuliza hivyo, lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kujua, na mahakama ingefaidika kumsikiliza.

Ndiposa sikubaliani na wahadhiri wetu wanaoona kwamba zomeo za viwanjani hazistahili tasnifu. Tumekusanya vitendawili mpaka vinajirudia, ilhali kila wikendi maelfu ya Wakenya hutunga papo kwa papo mbele ya hadhira, hujibizana, na hakuna anayeandika. Mwanafunzi atakayekwenda City Stadium au Kasarani aketi katikati ya majukwaa mawili akiwa na daftari. Aandike nani alisema nini, alijibiwaje, na upande wa pili ulicheka au ulinyamaza. Hasa aandike pale uliponyamaza.